Viraka vya ngozini vya kupima afya: wodi ya njiti ndiyo pa kuanzia, ila vipimwe kwanza kwenye ngozi zetu

Muuguzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona humu ndani watu wanasambaza video za kile kiraka chembamba kinachobandikwa kifuani halafu mapigo ya moyo yanaonekana kwenye simu. Wengine wameshangaa, wengine wanauliza bei, wengine wanasema ni mambo ya matajiri wanaokimbia asubuhi. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, upande wa njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, na hivi vitu navifuatilia kwa sababu vinagusa kazi yangu ya kila siku. Naomba nieleze ninavyovielewa. Uzi utakuwa mrefu, mwenye swali aulize.

Nianze na waya, maana bila kujua shida ya waya huwezi kuona kiraka kina maana gani.

Mtoto njiti wa kilo moja na kidogo akiwekwa kwenye monita, anabandikwa vidaka umeme vya moyo kifuani, anafungwa taa nyekundu ya oksijeni mguuni na kipima joto tumboni. Kila kimoja kina waya wake na kila kimoja kinashikiliwa na plasta. Sasa ngozi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 30 za mimba haijamaliza kujijenga. Lile tabaka la juu linalotukinga mimi na wewe kwake bado ni jembamba mno. Ukibandua plasta kwa haraka, inaondoka na ngozi. Huwa tunalowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, tunainua ukingo wa plasta taratibu, na kidole cha mkono wa pili kinaikandamiza ngozi isivutike. Pamoja na uangalifu wote huo bado inabaki alama nyekundu, na kwa mtoto huyu kidonda kidogo tu ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

La pili ni mama. Nyote mnaijua njia ya kangaruu, mtoto kukaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 jarida la tiba la Marekani, New England, lilichapisha utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali. Watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie. Kundi la pili walisubiri watulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Ndani ya siku 28, waliofariki kundi la kwanza walikuwa asilimia 12.0, kundi la pili asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwacheleweshea wengine kifua cha mama.

Tafakari hapo. Mtoto ambaye hali yake haijatulia ndiye anayetakiwa kuwa kifuani, na huyohuyo ndiye anayehitaji kuangaliwa kila sekunde. Ukimbeba na waya, moja inachomoka, monita inapiga kelele, mama anaogopa na kumrudisha kitandani. Nimeona mama anakaa saa nzima bila kujigeuza kwa hofu ya kukata mawasiliano.

Ndiyo maana nasema kiraka hiki kisiachwe kwa wakimbiaji peke yao.

---

Muuguzi wa Zamu

Naendelea. Kinafanyaje kazi?

Mwaka 2011 kundi la profesa John Rogers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilichapisha kwenye jarida la Science vifaa vya elektroniki vyenye wembamba na ulaini unaokaribia ule wa ngozi ya juu ya binadamu. Silikoni ya kwenye chipu tunaijua ni ngumu na inavunjika. Lakini ugumu huo unategemea unene. Ni kama mkongo wa intaneti, ndani yake ni kioo lakini kimefanywa chembamba hadi kinajikunja bila kukatika. Nao waliifanya silikoni ikawa utando mwembamba sana, wakaunganisha sehemu zake kwa nyaya zilizochorwa kwa kupindapinda badala ya kunyooka, kisha wakalaza vyote juu ya mpira laini. Ngozi ikivutika, zile kona zinafunguka, ikirudi, zinajikunja. Mzigo wote unabebwa na kona, chipu zenyewe hazivutwi.

Mwaka 2019 Rogers, akiwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Northwestern, yeye na wenzake wa hospitali za Chicago walitoa kitu ambacho mimi kilinifanya nikae chini nisome hadi mwisho. Viraka viwili tu kwa njiti: kimoja kifuani, kimoja unyayoni. Cha kifuani kinasoma umeme wa moyo, na ndani ya umeme huo wanapata pia kupumua. Cha unyayoni kinasoma oksijeni kwa mwanga. Vyote vinapima joto. Toleo lile halikuwa na betri kabisa, umeme lilipata kutoka kwenye antena iliyolazwa chini ya godoro, na taarifa zilirudi kwa njia hiyohiyo. Viraka vinapitisha mwanga, kwa hiyo unaiona ngozi iliyo chini yake bila kubandua.

Kuna jambo moja hapo nililipenda kuliko yote. Viraka hivyo viwili vinahesabu muda kwa pamoja, kama vinafuata saa ileile. Moyo ukipiga, cha kifuani kinajua papo hapo. Wimbi la damu linachukua muda kidogo kufika mguuni, na cha mguuni kinajua limefika lini. Kadiri presha inavyopanda ndivyo wimbi linavyokimbia. Kwa hiyo kutokana na ule muda wa safari, kutoka kifuani hadi unyayoni, wanafuatilia mwenendo wa presha ya mtoto. Kwa kawaida, ukitaka presha ya njiti mahututi kila wakati, unaingiza mpira mwembamba ndani ya mshipa wake. Aliyewahi kutafuta mshipa kwenye mkono wenye unene wa kidole changu cha mwisho anaelewa maana ya kuukwepa mpira huo.

Mwaka 2020 likaja toleo lenye betri ya kuchaji na Bluetooth, ambalo linamruhusu mtoto kutoka kwenye godoro na kwenda kifuani kwa mama.

---

Mtu wa Bara

Mkuu, nimesoma yote na nakuheshimu kwa kazi yako. Lakini niseme ukweli wangu. Zahanati ya kwetu glovu zinaisha katikati ya mwezi. Umeme ukikatika tunawasha tochi ya simu. Mtoto akihitaji oksijeni tunampeleka wilayani kwa bodaboda, mama kamkumbatia nyuma. Leo tukianza kuzungumza viraka vya Marekani, si tutakuwa tunaruka hatua? Fedha ya kiraka ingenunua mitungi mingapi?

---

Muuguzi wa Zamu

Mtu wa Bara, hoja yako naiunga mkono zaidi ya nusu. Kiraka hakitibu. Hakitoi oksijeni, hakimpi joto, hakimnyonyeshi. Kama wodi haina mashine ya kusaidia kupumua wala mtu wa kuitika, kiraka kitakuonyesha tu namna mtoto anavyozidiwa. Kwa hiyo kwenye zahanati yako ningeanza na glovu, umeme na usafiri, wala sioni pa kubishana.

Ila kwenye hospitali ya mkoa ambayo tayari ina oksijeni, shida kubwa ya usiku ni macho. Njiti husahau kupumua. Anaacha ghafla, moyo unapungua kasi, rangi inabadilika. Ukiwahi, unamsugua unyayo kwa kidole gumba na anakumbuka kuvuta hewa, imekwisha. Hakuna dawa wala mashine iliyotumika hapo. Ukichelewa ni habari nyingine. Muuguzi mmoja mwenye watoto wengi kuliko mikono yake hawezi kumwona kila anayesahau kupumua, na monita zetu ni chache kuliko vitanda. Hapo ndipo naona kiraka kina nafasi. Mtoto ameshafika hospitalini, matibabu yapo, kinachokosekana ni mtu wa kumtazama muda wote.

---

Nairobi Mashariki

Salamu kutoka Kenya. Nataka kuongeza kwamba hili si jambo la Chicago pekee. Viraka hivi vya watoto vilifanyiwa majaribio hapa Nairobi, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Pumwani si hospitali ya kifahari, ni ya umma na akina mama ni wengi mno. Pia kuna utafiti wa wajawazito uliotoka 2021, viraka vitatu kwa mama: kifuani, mkononi na tumboni, vikifuatilia mama na mtoto aliye tumboni. Walivijaribu Chicago na pia Zambia, na upande wa Zambia walikuwa mamia ya akina mama.

Kwa hivyo swali la "je, vitafanya kazi Afrika" limeanza kujibiwa. Swali langu ni tofauti: je, tukishamaliza kujaribiwa, vifaa vinabaki ama vinarudi na watafiti?

---

Muuguzi wa Zamu

Asante sana ndugu wa Nairobi, umenirahisishia kazi. Hilo la Pumwani ndilo lililonifanya niandike kichwa cha uzi hivi nilivyoandika. Kifaa kilichopita wodi iliyojaa kama ya kwetu nakiamini kuliko kilichopita chumba chenye kiyoyozi na muuguzi mmoja kwa watoto wawili.

Swali lako la vifaa kubaki ni zito. Msimamo wangu: mkataba wa utafiti useme kabla hajabandikwa mtoto wa kwanza. Viraka vibaki vingapi, gundi zitatoka wapi, nani atalipia programu. Wasipotaka kuandika, wasianze.

Sasa nije kwenye ngozi, maana hapa ndipo pananiuma.

Kipimo cha oksijeni kwa mwanga, kiwe cha kubana kidoleni au kiraka cha unyayoni, kinatumia taa mbili, nyekundu na ile isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya taa hizo kwa viwango tofauti, na hesabu inatokana na tofauti hiyo. Lakini rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 jarida la New England lilichapisha uchambuzi kutoka hospitali za Marekani. Waliwachukua wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni iko asilimia 92 hadi 96, yaani wako salama, kisha wakaangalia kipimo cha damu ya mshipa wa ateri kilichochukuliwa wakati huohuo. Kwa wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vilionyesha damu yao ilikuwa chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu, kwa kifaa kilekile. Na dalili za kasoro hii ziliandikwa na watafiti tangu 1990! Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo mpya Januari 2025 ikiwataka watengenezaji wapime kwenye rangi nyingi zaidi za ngozi.

Miaka yote hiyo vifaa hivyo vilikuwa vidoleni mwa watu wetu. Nani alituuliza?

Kwa hiyo tofautisheni. Kiraka kinachosoma umeme wa moyo hakijali rangi yako, umeme unapita vilevile. Kinachosoma kwa mwanga kinajali. Hata kiwe kizuri na laini namna gani, kama hakikupimwa kwenye ngozi kama ya mtoto wa Sumbawanga au Lamu, usiniletee wodini.

---

Binti Pangani

Samahani naingilia. Mimi nilijifungua njiti. Siku za mwanzo nilikuwa naingia wodini, namwangalia, natoka. Nilikuwa naogopa kumgusa kwa ajili ya zile waya, nahisi nikimshika nitaharibu kitu atakufa. Hakuna aliyenifukuza, ni woga wangu tu. Siku dada mmoja wa zamu alipozikusanya waya zote upande mmoja akaniambia kaa hapa, fungua vifungo, ndipo nilijiona nimekuwa mama. Sasa hivi anasoma chekechea. Nimesoma huu uzi nimelia. Kama kuna kitu kinaweza kuondoa waya, kije.

---

Muuguzi wa Zamu

Hongera sana mama, na pole kwa uliyopitia. Huo woga tunauona kwa akina mama wengi, wengine hawausemi mpaka siku wanayoruhusiwa kwenda nyumbani. Nashukuru umeuandika, maana mtengenezaji wa kifaa akija na takwimu zake za betri, hiki ulichosema hatakuwa nacho.

---

Mjukuu wa Kisukari

Mkuu naomba msaada. Mama yangu ana sukari, kidole kimechoka kutobolewa. Kuna saa zinauzwa mtandaoni, wanasema unavaa mkononi inasoma sukari kwa mwanga bila kutoboa. Muuzaji kaniambia ni teknolojia hiyohiyo ya viraka. Ninunue?

---

Muuguzi wa Zamu

Usinunue. Nasema kwa herufi kubwa: USINUNUE.

Februari 2024 FDA ilitoa onyo hadharani kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hatari yake ni hii: saa ikimwambia mama sukari iko juu kumbe iko chini, akajichoma insulini, anaweza kupoteza fahamu na kufariki ndani ya muda mfupi.

Vipo vifaa halali vinavyobandikwa mkononi, mfano FreeStyle Libre inayokaa siku 14. Lakini hivyo vina kijisindano laini kinachoingia chini ya ngozi na kusoma sukari kwenye maji yaliyo katikati ya seli, si kwenye damu yenyewe. Kwa sababu hiyo namba yake huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Mama akijisikia vibaya na namba haiendani na hali yake, atoboe kidole. Mwulize daktari wake kama kinamfaa.

Kuhusu jasho, watafiti wamefika mbali. Mwaka 2016 kundi la mtafiti Ali Javey, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha mkanda unaosoma sukari, chumvichumvi na lakteti (asidi inayotengenezwa na misuli) ndani ya jasho. Ila sukari ya kwenye jasho ni kidogo sana ukilinganisha na ya damu, na inachafuliwa kirahisi na iliyoko kwenye ngozi. Kwa kujua mchezaji amepoteza maji na chumvi kiasi gani, jasho linafaa. Kwa kupanga dozi ya insulini ya mama yako, hapana.

---

Fundi Vifaa Tiba

Nimefurahi kuona mada hii. Mimi natengeneza vifaa vya hospitali. Nina wasiwasi mambo mawili. Kwanza joto. Dar mwezi wa pili, wodi haina hewa, jasho linajikusanya chini ya kitu chochote ulichobandika. Gundi inaachia, au ngozi inatoka harara. Pili matengenezo: monita ya kawaida waya ikikatika nachomelea. Kiraka kikifa nafanya nini?

---

Muuguzi wa Zamu

Fundi, karibu sana.

La jasho limefanyiwa kazi zaidi Japani. Kundi la Takao Someya, Chuo Kikuu cha Tokyo, mwaka 2017 walionyesha kitu kisicho na shuka la mpira kabisa. Wanafuma nyuzi nyembamba za gundi inayoyeyuka majini, wanazipaka dhahabu, wanalaza wavu huo juu ya ngozi na kunyunyizia maji. Gundi inayeyuka, dhahabu inabaki imeshika vinyweleo na mistari ya ngozi, na kati ya nyuzi hewa na jasho vinapita. Watu 20 walikaa nao wiki nzima bila ngozi kuvimba. Lakini hiyo ni kazi ya maabara kwa watu wazima, na wodini siioni bado. Kwa viraka vilivyopo ningetaka ripoti ya joto la kwetu, wodi ya kweli, mwezi wa pili kama ulivyosema.

La matengenezo, umegusa penyewe. Kiraka chenyewe hutakichomelea. Vile vya toleo la betri vimebuniwa visafishwe na kutumika tena kwa mtoto mwingine, kinachobadilishwa ni gundi. Kwa hiyo kazi yako itahamia kwenye chaji, usafi, na kile kishikwambi kinachopokea taarifa. Na kampuni ikifungwa? Programu inaweza kufa nayo. Ndiyo maana nasema taarifa ziweze kusomwa bila kutegemea seva ya mtu mmoja huko nje. Isitoshe ni taarifa za mtoto mgonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019, kwa hiyo msingi wa kuuliza upo.

---

Nairobi Mashariki

Na kengele? Hapa wauguzi wanalalamika monita zinalia usiku kucha hadi mtu anazizoea.

---

Muuguzi wa Zamu

Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko bei. Mtoto akijinyoosha, kengele. Akinyonya, kengele. Ukisikia kelele za uongo usiku mzima, ile ya kweli inakupita. Ukiongeza viraka kwa watoto wote bila kupanga nani anaitika, umeongeza kelele tu.

Siku wakija na sampuli wodini, nitakayouliza ni haya. Mtoto akiwa kifuani kwa mama anayekohoa, kinalia? Kishikwambi kikizima chaji saa tisa usiku, kiraka kinatoa ishara yoyote, au kimya? Mmekipima kwa watoto wangapi wenye ngozi nyeusi, na mlilinganisha na damu ya mshipa au na kifaa kingine cha mwanga kilekile? Gundi inatoka vipi kwa mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 ya mimba, na nionyeshe kwa mikono yako, usinionyeshe video.

Fundi, ukiwa na swali la kuongeza kwenye orodha hiyo liweke hapa, hasa upande wa chaji na usafi. Binti Pangani, nawe pia, sema ungetaka mama aambiwe nini kabla hajabandikiwa mtoto wake. Naingia zamu ya usiku, nitapitia majibu asubuhi.